Elgon au Aberdare? Mlima upi kwa watu wa Kisumu na wa Nakuru

Kundi letu la safari lina watu tisa. Watano wanakaa Kisumu, watatu tuko Nakuru, na mmoja yuko Eldoret, ambaye kila mwaka huapa kwamba hana upande, kisha siku ya kura huangukia Kisumu. Ubishi huanza Oktoba. Wa Kisumu wanataka Mlima Elgon kwa sababu wakitoka alfajiri, saa nne wako Kitale wanakunywa chai. Sisi wa Nakuru tunataka Aberdare kwa sababu iko mlangoni petu, na kwa sababu tumechoka kufuata watu wa ziwa kila Desemba.

Nimepanda kote kuwili, tena si mara moja, na nimekosea kote kuwili. Mtu akiniuliza upi ni mzuri, simjibu. Namuuliza kwanza: mna gari gani, na magoti ya nani? Elgon ni mlima wa miguu, na Aberdare ni mlima wa gari. Yapo ya kupinga hapo, na nitayasema mwenyewe, lakini ukianza na hilo hutapotea sana.

Njia ya kufika

Kutoka Kisumu kwenda Elgon unapita Kakamega, Webuye, halafu Kitale, kama kilomita 160 hivi za lami. Ukifika Kitale unapanda matatu ya Endebess, na kutoka Endebess boda boda inakufikisha lango la Chorlim, ambalo ndilo lango kuu la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Mtu asiye na gari kabisa, mwenye mkoba wake mgongoni, anaweza kutoka stejini Kisumu asubuhi na jioni akawa amewasha moto ndani ya hifadhi. Kwa mtu wa Nakuru ni mbali zaidi: kilomita 150 na kitu hadi Eldoret, kisha 70 nyingine hadi Kitale. Siku yote imekwisha, lakini ni barabara ya matatu mwanzo mpaka mwisho.

Aberdare kwa mtu wa Nakuru ina milango miwili ya maana. Wa kwanza ni Shamata, upande wa kaskazini, unaoufikia kwa kupita Subukia na Nyahururu. Njia hiyo peke yake inatosha kuwa safari: unavuka mstari wa ikweta, unateremka na kupanda bonde, na Nyahururu kuna maporomoko ya Thomson yenye urefu wa mita 74, ambapo kila Mkenya ana picha ya utotoni akiwa amekunja uso kwa jua. Mlango wa pili ni Mutubio, upande wa magharibi: unapita Gilgil, Ol Kalou, Ndunyu Njeru, halafu unaanza kupanda. Kwa ramani ni karibu kushinda Kitale. Kwa hali ya barabara, usiamini ramani.

Mtu wa Kisumu anayetaka Aberdare ajue kwamba akifika Nakuru, baada ya kilomita 180 na zaidi kupitia Kericho, bado hajafika. Alale Nakuru. Sisi tuna vitanda.

Sasa hilo la gari

Aberdare ukifika langoni bila gari, umefika langoni tu. Maporomoko, nyanda za juu, sehemu za kulala, vyote viko mbali ndani, na hairuhusiwi kujitembelea ovyo kwa miguu kwa sababu nyati na ndovu wa pale hawana utani. Boda boda haiingii. Gari dogo la kawaida, hata Probox ambayo nyumbani tunaisifu kwamba inapanda ukuta, haitakufaa siku mvua ikinyesha usiku. Unahitaji gari refu linalovuta magurudumu yote manne, na dereva aliyewahi kulitumia hivyo, si aliyelinunua juzi kwa ajili ya harusi. Kukodi gari la namna hiyo kwa siku mbili au tatu ndiyo gharama kubwa kuliko zote za safari ya Aberdare. Kiingilio ni kidogo mbele yake. Mkiwa saba au wanane mnagawana na haiumi. Mkiwa wawili, inauma hadi Machi.

Elgon nako gari linafaa, lakini si sharti. Kutoka Chorlim unaweza kukodi askari wa wanyamapori akutembeze kwa miguu hadi mapangoni, msituni, na kwenye vilima vya kutazamia nchi. Bila gari unakosa kitu kimoja tu kikubwa, nacho ni kilele. Kilele cha Koitobos, mita 4,222, kinapandwa na wengi kwa siku moja kwa sababu ipo barabara ya gari inayopanda kupita msitu na mianzi hadi karibu mita 3,500, na kutoka mwisho wa barabara ni kama saa tatu za kupanda kwa mwendo wa watu wa kawaida. Barabara hiyo ikiwa kavu ni raha. Ikilowa ni hadithi nyingine, na ninayo.

Mwaka mmoja tulikwenda Agosti, watoto wakiwa likizo. Dereva wa gari tulilokodi alituapia kwamba linavuta magurudumu manne. Lilivuta mawili, na hayo mawili yakachoka kabla ya kufika mianzi. Tulisukuma saa mbili nzima katika tope jekundu. Shemeji yangu, mwalimu mtu mzima anayevaa koti hata sokoni, alipoteza kiatu kimoja na hakikuonekana tena. Jioni tulirudi langoni kwa miguu, huku tukiliacha gari huko juu lilale peke yake na nyati. Kosa lilikuwa letu pia: mtu hapandi Elgon Agosti kwa gari la kuazima bila kulikagua. Siku hizi tunaomba dereva atuonyeshe palepale uwanjani, kabla ya kutoa hata shilingi.

Majira

Hapa ndipo milima hii inatofautiana kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo hoja yangu kubwa kila Oktoba.

Upande wa magharibi mvua haifuati kalenda ya Nairobi. Kitale na Elgon mvua huanza karibu Machi au Aprili na kuendelea, ikipungua na kurudi, mpaka Oktoba huko. Ndiyo sababu Trans Nzoia inalisha nchi mahindi. Miezi mikavu ni Desemba, Januari na Februari. Aberdare ina mvua zake mbili: za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba, ambazo mara nyingi huingia hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba Aberdare haina mvua nyingi lakini ina ukungu na baridi inayoingia mifupani.

Hesabu yake ni rahisi. Likizo ya Agosti: Aberdare, ukiwa tayari kuona ukungu kuliko mlima. Desemba kabla ya Krismasi: Elgon, bila kusitasita. Januari na Februari: popote, na kama una ruhusa ya kazini, huo ndio wakati bora wa mwaka mahali pote pawili. Aprili: kaa nyumbani ule mahindi ya kuchoma.

Baridi haichagui mlima. Usiku juu ya mita 3,000 maji yaliyobaki katika sufuria huweza kuganda. Wa Kisumu hawaamini mpaka wayaone. Jaketi la mtumba la soko la Kibuye linatosha kama ni zito, ila lisiwe la pamba, kwa kuwa pamba ikilowa haikauki. Miguuni, gambuti. Vijana hucheka gambuti hadi wafike kwenye nyasi za juu, ambako kila hatua ni kidimbwi, ndipo wanaanza kuuliza namba yako ni ngapi.

Kilichomo Elgon

Mlima Elgon ni volkano iliyozimika zamani, iliyokaa juu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Upande wetu tuna Sudek na Koitobos. Ukisimama juu huoni ncha kali kama za Mlima Kenya, unaona bakuli kubwa sana la volkano, kama kilomita nane kutoka ukingo hadi ukingo, likiwa na nyasi, lobelia na ile miti ya ajabu ya senesio inayofanana na kabichi zilizopandwa juu ya nguzo. Ndani ya bakuli mto Suam unachimbuka na kutokea kwenye ufa wa upande wa mashariki, na kuna chemchemi za maji moto. Mto huohuo ukishuka kaskazini ndio unaoitwa Turkwel. Nzoia nayo inachota hapa. Mtu wa Budalangi anayepigana na mafuriko kila mwaka, sehemu ya maji yake yameanzia huku.

Hifadhi ya upande wa Kenya ni ndogo, kilomita za mraba 169, na ilitangazwa mwaka 1968. Udogo huo ndio unaoifanya ifae miguu. Ndani ya siku moja unapita msitu wa podo na mitarakwa, ile miti mikubwa ya tiki ya Elgon ambayo kwa ukoo ni ya mizeituni, mianzi, na nyasi za juu. Mbega wako juu ya miti wakiruka na mikia yao myeupe. Kuna pongo, kuro, nyati, na ndovu.

Lakini kinachowaleta watu ni mapango. Yapo manne yanayojulikana: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum linaingia karibu mita 200 ndani ya mlima, na kwa vizazi vingi ndovu wameingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa kwa mikonga, wakachimba ukuta kwa pembe zao ili walambe chumvi. Alama za pembe zipo ukutani. Mara ya kwanza nilipomulika tochi nikaziona, nilijikuta nazungumza kwa kunong'ona, kana kwamba nimeingia nyumba ya mtu bila hodi. Makingeny ina maji yanayoanguka mbele ya mdomo wake kama pazia, na kwa macho yangu ndiyo nzuri zaidi, ingawa Kitum ndiyo yenye jina. Waelkony, ambao mlima umechukua jina kwao, waliishi katika mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao. Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alidhani yamechimbwa na watu wa kale.

Sasa tahadhari, na hili sitalipitia haraka. Mwaka 1980 mtu mmoja, na mwaka 1987 mwingine, wote wawili wakiwa wametembelea Kitum, waliugua homa ya Marburg wakafa. Virusi hivyo hubebwa na popo wanaokula matunda, na mapango haya yana popo. Watalii wengi wameingia na kutoka salama tangu hapo, na mimi mmojawapo. Ila siku hizi sipeleki watoto ndani. Tunasimama mdomoni, tunatazama, tunapiga picha. Mtu mzima anayetaka kuingia afunike pua na mdomo, avae mikono mirefu na glavu, asishike kuta wala kinyesi cha popo, na asile chochote mpaka anawe kwa sabuni. Askari atakayekutembeza anayajua haya. Akikwambia rudi, rudi.

Jambo la pili ni mpaka. Juu kule hakuna ua. Askari wako ndiye anayejua wapi Kenya inaishia, kwa hiyo msimwache nyuma mkikimbilia picha. Wanaokumbuka vurugu za miaka ya 2006 hadi 2008 upande wa Mlima Elgon bado huuliza kama ni salama. Hilo lilipita. Wageni wanalala, wanapanda, wanarudi.

Kilichomo Aberdare

Thomson huyohuyo ndiye aliyeipa safu hii jina la Aberdare, mwaka 1884, kwa heshima ya rais wa chama cha wanajiografia cha Uingereza ambaye hakuwahi kuiona. Wenyewe wanaiita Nyandarua, na kaunti imechukua jina hilo. Kilele cha kaskazini ni Satima, mita 4,001, cha tatu kwa milima ya Kenya baada ya Mlima Kenya na Elgon. Cha kusini ni Kinangop, mita 3,906. Kati yake ni nyanda ndefu za nyasi baridi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1950 na ina kilomita za mraba zaidi ya 760, yaani zaidi ya mara nne ya Elgon ya Kenya. Ndiyo maana nikasema gari.

Utajiri wa Aberdare ni maji. Maporomoko ya Karuru yanaanguka kwa hatua tatu, jumla mita 273, na ng'ambo ya bonde unayaona ya Gura yakimwagika kutoka ukingo mwingine. Mito inayoanzia hapa inalisha Tana, Athi na Ewaso Nyiro, na Malewa unaoshuka hadi Ziwa Naivasha. Maji ya bomba ya Nairobi sehemu kubwa yanatoka hapa. Nilimpeleka mama yangu Karuru kupitia Mutubio. Ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua, na Elgon angeishia kwenye mapango tu. Hapa alishuka kwenye gari, akatembea kidogo kwa fimbo, akasimama kwenye ukingo wa kutazamia. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe tumekuwa tukilipia haya maji."

Upande wa mashariki, kuelekea Nyeri, kuna sehemu ya msitu inayoshuka chini ambako wanyama ni wengi zaidi: ndovu, nyati, vifaru weusi, nguruwe wakubwa wa msituni, na bongo wa mlimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe. Bongo huyu hayupo porini nchi nyingine yoyote duniani, na waliobaki porini hawafiki mia moja, kwa hiyo usiahidi mtoto kwamba atamwona. Huko ndiko zilipo hoteli za kulala ukitazama wanyama wakija kunywa maji usiku. Treetops ndiyo ile ambayo Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala, na babake akafa usiku huo, akashuka akiwa malkia. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma. Iliyopo ilijengwa baadaye. Na kwangu mimi, habari ya msitu huu ni ya Mau Mau kabla ya kuwa ya malkia. Dedan Kimathi alipigana humu hadi alipokamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Upo mti wa mugumo ambao wapiganaji waliutumia kuachiana barua. Kama mna vijana wa sekondari, wapelekeni hapo kabla ya hoteli.

Ua wa umeme unaozunguka safu nzima, karibu kilomita 400, ulichukua miaka 20 na kumalizika mwaka 2009. Ukiuona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni wa kuwazuia watu. Kamuulize mkulima wa viazi wa Nyandarua aliyelala shambani miaka ile akipiga debe ili ndovu wasiingie.

Nilisema nitajipinga, na hapa ndipo. Satima inapandwa kwa miguu, tena ni mojawapo ya matembezi mazuri ya siku moja nchini. Mnaingilia upande wa Shamata, mnapita karibu na yale mawe marefu yaliyochongoka yanayoitwa Meno ya Joka, mnafika kileleni, mnarudi. Ni siku nzima, kwenye nyasi zenye maji, upepo ukiwachapa uso. Lakini hata hiyo inahitaji gari zuri la kuwafikisha mwanzo wa njia na askari wa kuwasindikiza. Ukitaka harufu ya Aberdare bila gharama zake, panda Kipipiri, mlima uliosimama kando ya safu, au Kilima cha Ndovu kupitia kituo cha misitu cha Njabini. Vyote viko nje ya hifadhi, vinapandwa kwa siku moja, na hata matatu inakufikisha karibu.

Kichwa kinachogonga

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari. Nakuru iko karibu 1,850. Tofauti hiyo ndiyo sababu wa Nakuru hujiona mashujaa mlimani, na hatuna cha kujisifu, tumezaliwa juu tu.

Aberdare ina mtego wake. Kwa kuwa unapanda kwa gari, unatoka Ol Kalou ukiwa mzima na baada ya muda mfupi uko juu ya mita 3,000, umekaa kitini, hujatoa jasho, na ghafla mtoto anatapika na shangazi anashika kichwa. Si chakula cha njiani. Ni hewa. Teremkeni, kunyweni maji, pumzikeni. Elgon inakupandisha taratibu kidogo kama ukilala usiku wa kwanza chini, karibu na lango, kabla ya kwenda Koitobos. Anayetoka ziwani asipange kilele siku aliyofika. Tulijaribu. Wawili kati ya watano walifika, na mmoja wa hao wawili hakumbuki alichokiona.

Mazoezi hayahitaji pesa. Kisumu pandeni Riat, Jumamosi mbili au tatu, mkiwa na mizigo. Nakuru tuna Menengai. Shuka ndani ya kreta kisha upande kurudi na jua la saa sita, utajijua.

Kulala na kula

Elgon tunalala Kapkuro, nyumba ndogo za Shirika la Wanyamapori zilizo karibu na lango la Chorlim, ambazo mnajipikia wenyewe. Kuna pia viwanja vya mahema. Nunueni kila kitu Kitale: sukuma wiki, nyama, unga, makaa, mishumaa. Nyani wa pale ni wezi wa kitaaluma. Mlango ukiachwa wazi mkate umekwenda.

Aberdare kuna nyumba za kujipikia ndani ya hifadhi pia, chache, na hujaa mapema wikendi na sikukuu. Hoteli za kutazamia wanyama ni za mfuko mwingine. Wengi wa kutoka Nakuru hulala Nyahururu au Ol Kalou, kisha wanaingia hifadhini asubuhi na kutoka jioni. Inafaa, mradi msisahau kwamba lango hufungwa na barabara haina haraka.

Kote kuwili kiingilio hulipwa kwa eCitizen, si taslimu langoni. Lipeni mkiwa mjini mtandao ukiwa mzuri, na kila mtu abebe kitambulisho, la sivyo mnalipishwa kama wageni wa nje. Angalieni bei siku mnayolipa, kwa sababu hubadilishwa.

Kwa asiyetaka hata mmoja

Kitale ina kitu ambacho Nyahururu haina: majirani. Ukishakwenda Elgon, Hifadhi ya Saiwa iko karibu, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini, haifiki kilomita tatu za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu. Unaizunguka kwa miguu asubuhi moja, unapanda jukwaa la mbao, unangoja kimya. Watoto wanaipenda kuliko mlima, nami simlaumu mtoto.

Milima ya Cherangani ni ya mtu asiye na pesa za lango na mwenye moyo. Haina hifadhi ya taifa, ni misitu ya serikali na mashamba ya watu, vilele vinavyozidi mita 3,300, na barabara za Marakwet zenye mandhari ya kukusimamisha. Hakuna askari, hakuna vibao. Mwombe mwenyeji akuongoze, umlipe vizuri, na ukipita bomani salimia kwanza. Mimi ningeenda huko peke yangu au na rafiki mmoja, si na kundi la watu tisa wanaobishana.

Na kuna Elgon ya Uganda. Mkenya anavuka kwa kitambulisho chake tu, na maporomoko ya Sipi karibu na Kapchorwa yanafikika kwa watu wa Kisumu kupitia Malaba na Mbale. Wanaotaka kusimama juu kabisa, Wagagai, waingilie upande huo, na watenge siku nne.

Mwaka huu

Nikimshauri mtu mmoja mmoja: vijana watano wa Kisumu wenye miguu na mifuko myembamba, Elgon, Desemba, kwa matatu. Familia ya Nakuru yenye nyanya na watoto wadogo na gari zuri, Aberdare, Januari, mwingilie Mutubio kwa ajili ya Karuru. Aliyewahi kufika Elgon mara mbili, Satima sasa. Anayeogopa popo, Aberdare bila maneno zaidi.

Kundi letu lilipiga kura wiki iliyopita. Sita kwa tatu, Elgon, wiki ya pili ya Desemba. Wa Eldoret alisema tena kwamba hana upande. Sisi wa Nakuru tumekubali kwa masharti mawili: gari likaguliwe Kitale mbele yetu, huku gurudumu moja limewekwa kwenye mtaro, na Februari wao ndio watakaotufuata Shamata. Shemeji ameshanunua gambuti, namba nane, na ameandika jina lake ndani kwa rangi.